Meza ya Bwana na mkono unaoweka: uchambuzi wa kisa cha maaskofu wakuu wa Anglikana, Dar es Salaam na Zanzibar, Februari 2007

Tarehe 16 Februari 2007, wakati maaskofu wakuu wa Jumuiya ya Anglikana wakiwa wamekusanyika katika hoteli ya ufukweni kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, saba kati yao walitoa tamko fupi wakieleza kwamba hawakushiriki Meza ya Bwana, yaani Ushirika Mtakatifu, pamoja na wenzao siku hiyo. Walikuwa Peter Akinola wa Nigeria, Benjamin Nzimbi wa Kenya, Henry Orombi wa Uganda, Emmanuel Kolini wa Rwanda, Justice Akrofi wa Afrika Magharibi, John Chew wa Kusini-Mashariki mwa Asia na Gregory Venables wa kusini mwa Amerika. Walisema hawawezi kuijia Meza hiyo pamoja na Askofu Kiongozi wa Kanisa la Episkopali (Kanisa la Kianglikana la Marekani), Katharine Jefferts Schori, wakiegemea Maandiko na maneno ya Kitabu cha Sala yanayowaita mezani wale wanaotubu kwa kweli na walio na upendo kwa jirani zao.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa Afrika na Marekani juu ya ushoga, na simulizi ikiishia hapo msikilizaji hubaki na nusu ya jambo. Malalamiko ya wahafidhina hayakuwa kwamba wako watu wanaofikiri tofauti ndani ya Kanisa, kwa maana watu hao wamekuwapo daima na wahafidhina wenyewe hulijua hilo. Malalamiko yao yalikuwa juu ya uwekaji: kwamba Kanisa, kwa kura na kwa kuwekea mikono, lilimpa cheo cha kulinda imani mtu ambaye kwa mtazamo wao mafundisho yake au maisha yake yanapingana na imani hiyo, kisha likawataka Waanglikana wote duniani wamtambue kuwa mchungaji wao pia. Askofu wa Kianglikana hawekwi kwa ajili ya dayosisi yake peke yake. Anawekwa kuwa askofu wa Kanisa zima, na ndiyo maana uamuzi uliofanyika New Hampshire uliweza kumfikia mkulima wa Kongwa ambaye hajawahi kuisikia New Hampshire.

Mlolongo wenyewe unajulikana. Mwaka 1998 Mkutano wa Lambeth, unaowakutanisha maaskofu wa Anglikana kutoka duniani kote, ulipitisha azimio namba 1.10, kwa kura 526 dhidi ya 70 huku 45 wakijizuia, likisema kwamba kujamiiana kwa watu wa jinsia moja hakupatani na Maandiko na kwamba Mkutano hauwezi kushauri miungano ya namna hiyo ibarikiwe wala waliomo ndani yake wapewe daraja takatifu. Miaka 5 baadaye dayosisi ya New Hampshire ilimchagua Gene Robinson, kasisi aliyekuwa akiishi waziwazi na mwenzi wa kiume, kuwa askofu wake. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Episkopali ulithibitisha uchaguzi huo Agosti 2003, na tarehe 2 Novemba mwaka huo akawekwa wakfu. Tume iliyoongozwa na Askofu Mkuu Robin Eames wa Ireland ilitoa ripoti Oktoba 2004, ikilitaka Kanisa la Marekani lieleze majuto, lisimamishe uwekaji wa maaskofu wa namna hiyo, na lisimamishe ibada za kubariki miungano. Juni 2006 Mkutano Mkuu ulijibu kwa lugha ya tahadhari na papo hapo ukamchagua Jefferts Schori, aliyekuwa askofu wa Nevada na mwanasayansi wa bahari kwa taaluma, kuwa Askofu Kiongozi. Yeye mwenyewe alikuwa amepiga kura ya kumthibitisha Robinson.

Hata hivyo, mtu akitaka kuelewa kwa nini wahafidhina walifika Dar es Salaam wakiwa wamekwisha kukata tamaa, inampasa arudi nyuma ya Robinson. Kwa miaka mingi John Shelby Spong, askofu wa Newark katika Kanisa la Episkopali, alikuwa ameandika kwamba imani katika Mungu aliye nafsi nje ya ulimwengu imekufa, na kwamba kuzaliwa na bikira na ufufuo wa mwili si mambo ya kuaminiwa kama yalivyoandikwa. Mwaka 1998 alitangaza hoja 12 za namna hiyo, na mwaka huohuo alisema Wakristo wa Afrika wametoka katika imani za mizimu na kuingia katika Ukristo wa kishirikina, kauli iliyowachoma maaskofu wa Afrika kuliko hoja zote 12. Lakini Spong hakuvuliwa uaskofu, bali alistaafu kwa heshima zake. Mwaka 1996 mahakama ya Kanisa hilo ilikuwa imefuta mashtaka dhidi ya Askofu Walter Righter, aliyempa ushemasi mwanamume aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake, kwa hoja kwamba Kanisa halikuwa na mafundisho ya msingi yanayokataza jambo hilo. Kwa mhafidhina, hukumu ile ilikuwa nzito kuliko uchaguzi wa Robinson. Uchaguzi unaweza kuitwa kosa la dayosisi moja, lakini mahakama ilikuwa imesema kwamba hakuna sheria iliyovunjwa.

Ndani ya hali hiyo ndipo maneno ya Jefferts Schori yalipoangukia. Akihojiwa na jarida la Time mwaka 2006, alipoulizwa kama kumwamini Yesu ndiyo njia pekee ya kufika mbinguni, alisema kwamba Wakristo wanamwelewa Yesu kuwa chombo chao cha kumfikia Mungu, lakini kudhani kwamba Mungu hawezi kutenda kwa njia nyingine ni kumweka Mungu katika kisanduku kidogo mno. Mwanatheolojia makini anaweza kuitetea kauli hiyo kwa kutofautisha uhuru wa Mungu na wajibu wa Kanisa wa kuhubiri, na wapo waliofanya hivyo. Ila kwa Kanisa lililozaliwa na uamsho wa Afrika Mashariki, ambako mtu husimama mbele ya ndugu na kushuhudia kwamba ameokolewa kwa damu ya Yesu na si kwa kitu kingine, jibu lile halikusikika kama unyenyekevu. Lilisikika kama kiongozi aliyeulizwa swali rahisi kuliko yote akashindwa kusema ndiyo.

Jambo moja liwekwe wazi hapa, kwa sababu lilichanganywa sana wakati ule. Kukataa kushiriki naye hakukutokana, kwa wote saba, na jinsia yake. Kenya na Uganda zilikuwa na makasisi wanawake tangu miaka ya 1980, ilhali Nigeria haikuwa nao, na Tanzania iliachia kila dayosisi iamue. Kundi lile la saba lisingeweza kukubaliana juu ya daraja la ukasisi kwa wanawake hata kama lingefungiwa ndani ya chumba kwa mwezi mzima.

Kanisa mwenyeji lilikuwa limekwisha kusema lake. Tarehe 7 Desemba 2006 Nyumba ya Maaskofu ya Kanisa Anglikana Tanzania, chini ya Askofu Mkuu Donald Mtetemela, ilitangaza kwamba ushirika wake na maaskofu wanaowaweka wakfu watu walio katika mahusiano ya jinsia moja, au wanaobariki miungano hiyo, umeharibika vibaya. Ikaongeza sharti ambalo makanisa mengi hayathubutu kuliweka: kwamba Kanisa halitapokea kwa kujua msaada wa fedha au vifaa kutoka kwa dayosisi, parokia, maaskofu au taasisi za Kanisa la Episkopali zinazounga mkono mambo hayo. Kwa maoni yangu, sharti hilo ndilo sehemu yenye uzito mkubwa zaidi katika kisa kizima. Tamko la imani halimgharimu mtu kitu. Zahanati iliyosubiri dawa, shule iliyosubiri mabati na mwanafunzi wa theolojia aliyesubiri karo ndio waliobeba gharama ya tamko lile, na maaskofu walilijua hilo walipotia saini. Neno “kwa kujua” nalo liliachwa na upana wake, na kila aliyewahi kukaa katika kamati ya fedha ya dayosisi anafahamu jinsi neno kama hilo linavyoweza kupokea gari zima bila kuuliza limetoka wapi.

Na bado Mtetemela hakuwa miongoni mwa wale saba. Aliyekuwa na tamko kali la Kanisa lake mkononi hakuliweka jina lake kwenye tamko la kukataa Meza. Alikuwa mwenyeji, na kwa desturi zetu mwenyeji hana nafasi ya kuondoka mezani. Ninaona katika tofauti hiyo dalili kwamba wahafidhina wenyewe hawakuwa na kauli moja kuhusu maana ya ushirika ulioharibika: je, ni ushirika uliokufa, au ni mgonjwa ambaye ndugu bado wanakaa naye?

Siku mbili baadaye, Jumapili tarehe 18, mkutano ulivuka bahari kwenda Zanzibar kwa ibada katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini. Sababu ilikuwa kumbukumbu ya miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lipige marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Kanisa hilo limejengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo chini ya Edward Steere, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa kazi yake ya sarufi kuliko kwa uaskofu wake. Altare iko mahali paliposimama mti wa kuchapia watumwa, na duara la marumaru sakafuni linaonesha mahali penyewe. Pembeni uko msalaba uliochongwa kutoka katika mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury, alihubiri hapo juu ya unyenyekevu, akisema kwa maana kwamba jambo ambalo askofu anapaswa kumwambia askofu mwenzake ni kuwa yeye ni mwenye dhambi mkubwa na kwamba Kristo ni Mwokozi mkubwa.

Hapa ndipo historia inapokifanya kisa hiki kiwe cha kwetu kwa namna ambayo wachambuzi wa Ulaya waliipita tu. Kiti cha askofu kilichomo ndani ya kanisa lile ni kiti cha Frank Weston, askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi kifo chake mwaka 1924. Mwaka 1912 wanazuoni saba wa Oxford walichapisha insha zao za theolojia chini ya uhariri wa B. H. Streeter, ambaye katika insha yake alikubali kwamba kaburi tupu huenda lina maelezo ya kawaida, na kwamba kuonekana kwa Bwana kulikuwa maono aliyowapa wanafunzi yeye mwenyewe. Weston aliandika kupinga, lakini hakumvunjia mtu ushirika kwa sababu ya kitabu. Alingoja hadi mwaka 1915, pale John Percival, askofu wa Hereford, alipompa Streeter cheo cha kanoni, yaani kasisi wa baraza la kanisa kuu, katika kanisa kuu lake. Hapo ndipo askofu wa Zanzibar alipotangaza kwamba yeye na dayosisi yake hawana tena ushirika na askofu wa Hereford wala na wanaomuunga mkono. Huko Uingereza wengi walicheka. Askofu wa kisiwa cha mbali, mwenye waumini wengi ambao babu zao walikuwa watumwa, alikuwa amemtenga askofu wa Kiingereza mwenye kiti katika Bunge la Malodi.

Shabaha ya Weston iangaliwe vizuri. Hakumtenga mwandishi, bali alimtenga aliyemteua. Hoja yake ilikuwa ileile iliyokuja Dar es Salaam baada ya miaka 92: mwanazuoni ana haki ya kuuliza, lakini askofu anapomvika muulizaji cheo, swali limekwisha kuwa fundisho la Kanisa, na yeyote anayeshiriki meza moja na askofu huyo analitia muhuri. Wanaodhani kwamba uhafidhina wa Afrika uliletwa na fedha za makundi ya mrengo wa kulia wa Marekani, madai yaliyorudiwa sana mwaka 2007, inawapasa wamweleze Weston kwanza. Na wanaodhani kwamba mhafidhina wa mafundisho hana habari na haki za wanyonge inawapasa wamweleze pia, kwa sababu mtu huyohuyo mwaka 1920 aliishambulia serikali ya Uingereza hadharani kwa kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi kwa shuruti.

Ila historia hiyohiyo ina mwiba wake. Vita vya kwanza vya Weston, mwaka 1913, havikuwa dhidi ya waliberali. Vilikuwa dhidi ya askofu Peel wa Mombasa na askofu Willis wa Uganda, ambao katika mkutano wa wamisionari uliofanyika mjini Kikuyu, Kenya, walishiriki Meza ya Bwana pamoja na Wapresbiteri na wengineo, na Weston akawashtaki kwa uzushi na farakano. Uganda na Kenya ni nchi za Waevanjeliko wa chama cha wamisionari cha CMS, ambao Biblia ndiyo kipimo chao cha kwanza. Zanzibar na Masasi ni nchi za UMCA, misheni ya Waanglikana wa mrengo wa Kikatoliki, ambako kipimo kilikuwa sakramenti, maaskofu na mapokeo ya Kanisa zima. Mwaka 2007 warithi wa Peel na Willis ndio waliofanya kitendo cha Weston, na kukifanya kwa lugha ya Weston. Muungano wa wahafidhina ni wa kweli, lakini umejengwa juu ya mambo wanayoyakataa pamoja kuliko juu ya namna moja ya kuelewa Meza hiyo ni nini na nani ana mamlaka ya kuifunga.

Tamko la mwisho la mkutano lilitoka usiku wa tarehe 19 baada ya majadiliano marefu. Kikundi kilichopewa kazi ya kupima jibu la Marekani kilikuwa kimesema kwamba maombi mawili kati ya matatu ya ripoti ya 2004 yametimizwa kwa kiasi cha kutosha. Wengi wa maaskofu wakuu hawakuridhika. Wakaitaka Nyumba ya Maaskofu ya Marekani itoe ahadi isiyo na utata kwamba haitaruhusu ibada za kubariki miungano, na kwamba hakuna mgombea wa uaskofu aliye katika muungano huo atakayethibitishwa, jibu litolewe kabla ya tarehe 30 Septemba 2007. Wakapendekeza pia baraza la kichungaji la watu watano na askofu wa kuwasimamia wahafidhina waliomo ndani ya Kanisa la Episkopali, na wakaziomba pande zote zisimamishe kesi za mali za Kanisa mahakamani.

Jefferts Schori hakuondoka kwa hasira. Alirudi nyumbani na kuwaomba watu wake wawe na subira kama katika majira ya mfungo. Lakini mwezi Machi Nyumba yake ya Maaskofu, iliyokutana Texas, ilikataa mpango wa baraza kwa hoja kadhaa, zikiwamo hizi: kwamba unavunja katiba yao, na kwamba unachukua uongozi wa Kanisa kutoka kwa watu wake na kuuweka mikononi mwa maaskofu wa mbali wasiowajibika kwa mtu. Walikumbusha hata ukombozi wao kutoka katika ukoloni. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyesoma maneno hayo, akijua kwamba sauti kubwa mezani ilikuwa ya Nigeria, Uganda, Kenya na Rwanda, huenda alilazimika kuyasoma mara mbili. Mwezi Septemba, huko New Orleans, maaskofu hao waliahidi kujizuia, wala hawakukataza moja kwa moja. Kamati ya pamoja ya Jumuiya ikasema yatosha, na wahafidhina wakasema hayatoshi.

Haki inatutaka tuseme kwamba kufikia siku hiyo wahafidhina nao walikuwa wamelivunja tamko la Dar es Salaam, kama si kwa maneno basi kwa roho yake. Mei 2007 Akinola alikwenda Virginia kumsimika Martyn Minns kuwa askofu wa Nigeria katika ardhi ya Marekani. Mwishoni mwa Agosti, Nairobi, Nzimbi aliwaweka wakfu Wamarekani wawili, na tarehe 2 Septemba Orombi akamweka mmoja Mbarara. Muda wa Septemba ulikuwa haujaisha. Walikuwa na hoja: kundi la waumini liliomba mchungaji, na mpango wa baraza ulikuwa umekataliwa Machi. Lakini kundi linalolalamika kwamba wengine waliweka maaskofu bila kujali Kanisa zima lilidhoofisha shauri lake lenyewe lilipoweka maaskofu wake bila kulisubiri Kanisa hilohilo, na Wamarekani waliokuwa wakitafuta kisingizio walikipata.

Udhaifu mwingine sijauona ukijadiliwa ipasavyo. Tamko la Dar es Salaam lilizungumzia ibada za kubariki na sifa za wagombea wa uaskofu, lakini halikugusa vyuo vya theolojia wala namna watahiniwa wa daraja wanavyochujwa. Spong hakutokea hewani. Alifundishwa, akapitishwa na kamati, akachaguliwa na sinodi, akathibitishwa na maaskofu wenzake, na katika kila hatua kulikuwa na mtu aliyetia saini. Ikiwa shida ni mkono unaoweka, basi dawa ilipaswa kuanzia kwa wanaowachunguza vijana kabla ya ushemasi, na hilo ni kazi ya kila jimbo, pamoja na majimbo ya wahafidhina. Nasi tunazo kamati za daraja ambazo humuuliza mtahiniwa kama ana cheti na kama ameoa, kisha zikampitisha bila kujua anaamini nini kuhusu kaburi tupu.

Aprili 2023, mjini Kigali, wahafidhina walitangaza kwamba hawawezi tena kumtambua Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiungo cha umoja, baada ya Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza kukubali mwezi Februari sala za baraka kwa wenzi wa jinsia moja. Mwaka 2007 aliyekataliwa alikuwa mgeni mmoja kati ya wengi, na Canterbury ndiye aliyeshika meza. Sasa mshika meza ndiye aliyekataliwa, na kwetu jambo hilo lina uzito wa kipekee, kwa kuwa sharti la fedha la 2006 liliandikwa kwa ajili ya Kanisa la Marekani, wakati uhusiano mwingi wa dayosisi zetu, kama ule wa Mpwapwa na Rochester, uko na Uingereza.